Kusimamia kanuni za usalama kwenye timu ya washangiliaji wa sekondari Marekani: mwongozo kamili kwa wazazi na makocha wasaidizi

Majira ya kuchipua, shule nyingi za sekondari za Marekani huchagua washangiliaji (cheerleaders) wa msimu unaofuata. Mtoto anarudi nyumbani na bahasha yenye fomu ya kusaini, bei ya sare na ratiba ya mazoezi ya kiangazi. Wazazi wengi wa jamii yetu, wawe wametoka Bukavu na sasa wako Louisville au Boise, au wametoka Kisii na sasa wako Lowell au Houston, husaini haraka. Wanajua ni mambo ya kucheza, kupiga makofi na kupaza sauti kando ya uwanja wa mpira. Hayo yamo. Lakini timu nyingi za leo pia hubebana mpaka mikono ya wabebaji inyooke juu ya vichwa vyao, hurushana hewani, hujenga piramidi na kupiga sarakasi sakafuni. Hapo ndipo watoto wanapoumia.

Kituo cha utafiti wa majeraha mabaya ya michezo kilichopo University of North Carolina kimekusanya takwimu tangu mwaka 1982. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kilipotoa tamko lake kuhusu mchezo huu, kilitaja kwamba kati ya 1982 na 2009 ushangiliaji ulichangia asilimia 65 ya majeraha mabaya kabisa ya moja kwa moja kwa wasichana wanamichezo wa sekondari. Hayo ni majeraha ya uti wa mgongo, ya ubongo, na vifo. Upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu michezo 22 ya sekondari uliuweka ushangiliaji nafasi ya 18 kwa wingi wa majeraha. Maana yake ni kwamba mtoto haumii mara nyingi, ila akiumia, anaweza kuumia vibaya. Zaidi ya nusu ya majeraha katika utafiti huo yalitokana na kubebana, na karibu theluthi moja yalikuwa mtikisiko wa ubongo.

Kwa hiyo sikushauri umkatalie mtoto. Nakushauri ujue kanuni na uhakikishe zinafuatwa. Kanuni zipo, zimeandikwa vizuri, na zimeboreshwa mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya watoto walioumia. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kusema "hapana" jioni ya Jumanne, wakati mechi ni Ijumaa na timu nzima inataka kujaribu kitu kipya.

Nitatumia majina matatu. Mpandaji ni yule anayenyanyuliwa. Wabebaji ni wale walio chini wanaomshika miguu. Mlinzi wa nyuma husimama nyuma ya mpandaji, kazi yake ya kwanza ikiwa kulinda kichwa, shingo na mabega ya aliye juu.

Hatua ya 1: Jua kanuni zinatoka wapi

Kanuni za shule za sekondari hutungwa na shirikisho la kitaifa liitwalo NFHS, lenye makao Indianapolis, ambalo hutoa kitabu cha kanuni za ushangiliaji na dansi. Kila jimbo lina shirikisho lake la michezo ya shule, kwa mfano UIL kule Texas, KHSAA kule Kentucky na CIF kule California, na hilo ndilo linaloamua jinsi kanuni zinavyotumika kwenye jimbo lako na kama kuna nyongeza. Pamoja nao kuna USA Cheer, chombo cha kitaifa cha mchezo huu, kinachotoa mafunzo ya usalama kwa makocha.

Mwombe kocha akuonyeshe kitabu cha mwaka huu. Cha mwaka juzi hakitoshi, kwa kuwa kanuni hubadilika. Kocha asiye nacho, au anayesema "nazijua kichwani", amekwisha kukupa jibu.

Huhitaji kukariri kitabu kizima. Zijue kwanza zile zinazozuia majeraha makubwa. Mnyanyuo wowote ambao mikono ya wabebaji imenyooka juu ya vichwa vyao lazima uwe na mlinzi. Piramidi za sekondari haziruhusiwi kuzidi kimo cha watu wawili. Mrusho wa kapu, yaani ule ambao wabebaji hufungamanisha mikono na kumrusha mpandaji juu kisha kumdaka, haufanywi na warushaji zaidi ya wanne, na haufanywi kwenye sakafu ngumu. Ni marufuku pia kuruka na kutua moja kwa moja kwa magoti, makalio au msamba bila uzito kupokelewa kwanza na mikono au miguu. Aliyevaa plasta ngumu ya mfupa au kiatu cha kutibu mguu haingii kwenye kubebana, piramidi, mirusho wala sarakasi za sakafuni.

Usichanganye kanuni za shule na za klabu binafsi. Klabu za mashindano hufuata mfumo wake wa madaraja, na huwa na sakafu za springi na makocha wa sarakasi. Msichana anayejifunza jambo huko Jumamosi atataka kulionyesha shuleni Jumatatu, mbele ya wenzake wasiojua kumdaka, juu ya mbao. Kanuni ya shule ndiyo inayotawala kwenye timu ya shule, hata kama mtoto ni hodari kiasi gani.

Jambo jingine la kuuliza mapema: je, jimbo au wilaya yenu inahesabu ushangiliaji kuwa mchezo? California ilipitisha sheria mwaka 2015 iliyofungua njia ya ushangiliaji wa mashindano kutambuliwa kama mchezo rasmi wa shule. Kwingine bado unawekwa pamoja na vikundi vya shughuli za ziada. Hili si suala la heshima tu. Mahali ambapo si mchezo rasmi, timu inaweza kukosa mtaalamu wa tiba ya michezo, kipimo cha afya cha kabla ya msimu na hata nafasi ya ukumbi, na kuishia kufanyia mazoezi kwenye korido.

Kama Kiingereza kinakupa shida, usisaini fomu ya kukubali hatari kabla hujaielewa. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu, na za umma karibu zote hupokea, zinawajibika chini ya sehemu ya sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili, ni bure. Usikubali mtoto mwenyewe ndiye akutafsirie fomu hiyo. Anayetamani kuingia kwenye timu hawezi kuwa mkalimani wa hatari za timu.

Hatua ya 2: Mhoji kocha, kwa heshima na bila haraka

Baadhi ya shule humpa timu hii mwalimu kijana aliyewahi kushangilia alipokuwa chuoni. Anaweza kuwa mzuri sana, lakini kuwahi kufanya jambo si sawa na kujua kulifundisha. Kwenye mkutano wa wazazi, au kwa barua pepe, uliza hivi:

"Kocha, asante kwa kuwalea watoto wetu. Naomba kujua: umemaliza kozi ya usalama ya mchezo huu, na ni lini? Una cheti cha huduma ya kwanza na cha kufufua moyo? Watoto wakiwa wanabebana, ni watu wazima wangapi wanawatazama? Nani anachukua nafasi yako ukichelewa?"

Swali la mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Kanuni ya timu iwe kwamba kocha asipokuwepo, miguu yote inabaki chini. Watoto wanaweza kunyoosha viungo, kukariri maneno, kurudia mchezo wa mikono, lakini hakuna wa kunyanyuliwa. Na "kuwepo" maana yake ni kutazama. Kocha aliye pembeni akijibu simu hayupo.

Kuna kesi moja ambayo kila kocha na mzazi angefaa kuijua. Mchezaji wa sekondari moja ya Wisconsin alianguka kutoka kwenye mnyanyuo wakati wa mazoezi, akaangukia kichwa kwenye sakafu ya vigae isiyo na magodoro. Kocha alikuwa hatua chache kutoka hapo akisimamia kundi jingine. Msichana alidai kwamba aliyepaswa kumlinda hakuwa mahali pake. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo hilo iliamua kwamba ushangiliaji una mgusano wa miili, hivyo mchezaji mwenzake ana kinga dhidi ya madai ya uzembe, na wilaya ya shule nayo ina kinga. Sheria za majimbo mengine ni tofauti, na mimi si mwanasheria. Ila mzazi anayefikiri kwamba mtoto akiumia mahakama itarekebisha mambo, asome kesi hiyo. Ulinzi wa mtoto uko kwenye mazoezi yenyewe.

Hatua ya 3: Angalia sakafu kabla ya kuangalia mtoto

Ningekuwa na nafasi ya kusimamia jambo moja tu, ningechagua sakafu.

Watafiti wa hospitali ya watoto ya Nationwide, Columbus, Ohio, walipima sakafu zinazotumiwa na washangiliaji na kuchapisha matokeo mwaka 2009. Walitafuta kimo ambacho, mtu akiangukia kichwa kutoka hapo, anaweza kupata jeraha la kuhatarisha maisha. Kwa zege, na kwa vigae vya plastiki vilivyobandikwa juu ya zege, kimo hicho kilikuwa nusu futi, yaani sentimita 15. Kwa sakafu ya springi kilizidi futi 11, zaidi ya mita 3.3. Sasa fikiria mpandaji aliyesimama juu ya mikono iliyonyooka: kichwa chake kinaweza kupita mita 3. Fikiria tena korido ya shule, mbele ya makabati ya wanafunzi, yenye vigae vinavyong'aa. Hapo hata mnyanyuo wa kiunoni hauna nafasi.

Tamko la madaktari wa watoto la 2012 liko wazi: kubebana na sarakasi vifanywe kwenye sakafu ya springi au ya sponji, au kwenye nyasi za asili au za bandia, wala visifanywe kwenye udongo, sakafu ya plastiki, zege au lami. Usikubali kisingizio cha "ni dakika tano tu".

Ukifika ukumbini, kagua haya kwa macho na kwa mguu. Magodoro yameunganishwa kwa mikanda yake, au yana nyufa ambamo kifundo cha mguu kitaingia? Yamekauka? Yamesogezwa mbali na jukwaa la watazamaji, nguzo za mpira wa kikapu na ukuta? Dari ina urefu wa kutosha, na kuna taa au bendera zinazoning'inia? Nje, nyasi zimelowa umande? Kuna vichwa vya mabomba ya kumwagilia, mashimo, mteremko? Nyasi zikilowa, siku hiyo ni ya kucheza chini tu. Kocha akisema magodoro yanatumiwa na timu ya mieleka mpaka saa kumi na moja, basi kubebana kunaanza saa kumi na moja. Mkurugenzi wa michezo wa shule ndiye wa kupanga ratiba ya magodoro, na barua ya wazazi kadhaa waliosaini pamoja humsaidia kuipanga haraka.

Hatua ya 4: Ukaguzi wa mlangoni

Huu usimalize dakika tatu, na ufanywe kila siku kwa kila mtu, nahodha akiwemo.

Vito vyote vivuliwe: hereni, vipini vya pua na kitovu, bangili, cheni. Kidani cha kidini au cha kitabibu, kanuni zikikiruhusu, kibandikwe mwilini kwa tepu. Kucha ziwe fupi, za bandia pia. Nywele zifungwe zisiangukie usoni, na kwa binti zetu wenye rasta au misuko mirefu, zifungwe juu au zikunjwe, maana msuko mrefu hunaswa kwenye vidole vya mdakaji. Shanga za nywele zitolewe. Anayevaa hijabu achague ya kitambaa cha michezo inayobana bila pini, na mzazi azungumze na kocha kabla ya msimu ili mtoto asizuiwe mlangoni siku ya mechi. Viatu viwe vya michezo, vimefungwa. Bablishi na pipi vitemwe. Kifaa cha kushikilia goti au kiwiko chenye sehemu ngumu lazima kifunikwe kwa sponji ya unene usiopungua nusu inchi, kwani goti la chuma la mbebaji linaweza kupasua uso wa mwenzake.

Asiyekidhi hafukuzwi. Anakaa pembeni mpaka arekebishe, kisha anaingia.

Hatua ya 5: Hakuna kuruka ngazi

Watoto wa sarakasi mliowaona Nairobi au Dar es Salaam wakipandiana mabegani walianza wadogo na kurudia msingi miaka mingi. Msichana wa sekondari Marekani anaweza kuchaguliwa majira ya kuchipua na kuwa juu ya mikono ya wenzake kabla shule hazijafunguliwa. Muda ni mfupi, kwa hiyo utaratibu lazima uwe mkali.

Kocha msaidizi, tengeneza daftari. Kila kundi la kubebana liwe na ukurasa wake: majina ya wabebaji, mlinzi na mpandaji, na ngazi waliyofikia. Mpangilio wa kawaida huenda hivi. Kwanza wote wanajifunza kuanguka na kudaka. Mpandaji anajifunza kukaza mwili, kutotupa mikono nyuma na kutojigeuza hewani ili "ajiokoe", kwa kuwa anayejigeuza huwapotezea wadakaji shabaha. Wabebaji wanajifunza kunyanyua kwa miguu, mgongo ukiwa wima, na kutokimbia mtu anapoanguka. Hili la mwisho linafundishwa, mtu hazaliwi nalo: mwili wa binadamu ukiona kitu kinauangukia hukwepa.

Baada ya hapo ni mnyanyuo wa kimo cha paja au kiuno. Kisha wa kimo cha mabega, miguu miwili. Kisha kushuka kwa kudakwa mikononi kutoka kimo hicho. Ndipo mikono inyooke juu. Mguu mmoja unakuja baada ya miwili kuwa imara, na mizunguko mwisho kabisa. Kila ngazi mpya ijaribiwe na walinzi wa ziada mbele na nyuma, juu ya magodoro, na watoto wakiwa hawajachoka. Kocha anayefundisha kitu kipya dakika kumi za mwisho anakifundisha kwa mikono inayotetemeka.

Kipimo cha kupanda ngazi kiwe kimoja na kijulikane: kundi lifanye ngazi ya sasa mara kadhaa mfululizo, siku tofauti, bila mguu kuteleza na bila mlinzi kulazimika kuokoa. Wakifaulu, kocha anaandika tarehe na kusaini. Mtu mmoja kwenye kundi akibadilishwa, kundi linarudi chini na kupanda upya. Watoto watalalamika hapa kuliko mahali pengine popote, na ndipo makocha wengi hulegea: mbebaji ana mafua, wanaingiza mwingine, wanaendelea. Mikono mipya haijui uzito wa yule mpandaji wala mdundo wa wenzake.

Na usiruhusu uzito wa mpandaji uwe hoja. Kila msimu kuna binti anayejinyima chakula ili abaki juu. Mzazi akiona hilo, aongee na kocha na daktari mapema. Mtoto mwenye njaa huishiwa nguvu akiwa hewani.

Hatua ya 6: Kila mtu awe na haki ya kusema "shusha"

Timu iwe na neno moja fupi la kushusha, la Kiingereza kwa kuwa ndiyo lugha ya timu. Mpandaji, mbebaji, mlinzi, kocha, hata mtoto anayetazama akiona hatari, analipaza, na mnyanyuo unashuka mara moja kwa utaratibu uliofundishwa. Hakuna kuuliza kwa nini. Maswali yanakuja miguu ikiwa chini.

Neno hilo hufa haraka lisipolindwa. Mtoto akilitumia mara moja, nahodha akamwangalia kwa jicho baya, hatalitumia tena. Kwa hiyo kocha analazimika kulipa thamani hadharani: mtoto akisema, ashukuriwe mbele ya wote, hata kama mnyanyuo ulikuwa salama. Nyumbani pia, mwambie binti yako kwamba hujamlea awe mtiifu kiasi cha kunyamaza anapoona mwenzake anaanguka. Watoto wetu wengi wamefunzwa kutombishia mkubwa, na ni adabu njema, lakini kwenye mchezo huu wanahitaji kusikia kutoka kwa mama na baba kwamba kusema "shusha" mbele ya kocha si utovu wa nidhamu.

Mlinzi wa nyuma apewe uzito wake. Mara nyingi nafasi hiyo hupewa mtoto mpya, au mrefu asiyejua kucheza. Ni kosa. Achaguliwe mwenye macho makini, asiyegeuza shingo kutazama watazamaji, anayemfuata mpandaji kwa macho kuanzia anaponyanyuliwa mpaka nyayo zake ziguse chini. Tena na yeye yumo hatarini, kwa kuwa kiwiko na goti la anayeanguka hutua usoni mwake.

Hatua ya 7: Siku ya mechi

Machi 2006, kwenye mashindano ya mpira wa kikapu St. Louis, mshangiliaji wa Southern Illinois University alianguka kutoka kwenye piramidi, kimo cha kama mita 4.5, kwenye sakafu ya mbao isiyo na magodoro. Alipata ufa kwenye mfupa wa shingo na mtikisiko wa ubongo, na taifa zima likamwona akitolewa kwenye machela huku bado akicheza kwa mikono. Alipona. Baada ya hapo ndipo mirusho ya kapu na piramidi ndefu zilipobanwa kwenye viwanja vya mpira wa kikapu. Inahuzunisha kwamba wengi walikumbuka zaidi mikono yake iliyokuwa ikicheza kuliko magodoro ambayo hayakuwepo.

Siku ya mechi, kocha aamue kwa maandishi kabla ya kutoka shuleni ni minyanyuo ipi itafanywa, na ile tu iliyosainiwa kwenye daftari. Uwanjani apime mvua, mwanga, sakafu, na umbali wa wachezaji, waamuzi na wapiga picha. Mpira wa miguu wa Marekani hutoka nje ya mstari kwa kasi, na mchezaji wa kilo 100 huja nao. Mchezo ukiwa unaendelea karibu na upande wenu, asiwepo mtu juu. Mlinzi mmoja akiugua, kundi lake linacheza chini usiku huo. Mashabiki hawatagundua tofauti.

Hatua ya 8: Mtoto akianguka

Kabla ya msimu, shule iwe na mpango wa dharura ulioandikwa kwa kila mahali pa mazoezi: nani anapiga 911, anwani kamili na mlango gani gari la wagonjwa litumie, nani anafungua geti, mashine ya kushtua moyo iko wapi, nani anabaki na wengine. Ufanyiwe mazoezi kama mambo mengine. Mzazi, ukilazimika kupiga 911 mwenyewe na Kiingereza kikakukimbia, sema "Swahili". Vituo vingi huunganisha mkalimani kwa simu.

Aliyeanguka akilalamika shingo au mgongo, au hasikii miguu, asisogezwe. Asiinuliwe kwa mikono, asivuliwe, asiketishwe ili "apate hewa". Mtu mmoja ashikilie kichwa kisitikisike mpaka wahudumu wafike.

Kuhusu mtikisiko wa ubongo, jimbo la Washington lilipitisha sheria mwaka 2009, na kufikia 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria zao. Msingi wake ni ule ule karibu kila mahali: mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko anatolewa mara moja, harudi siku hiyo, na harudi kabisa mpaka mtaalamu wa afya atoe ruhusa kwa maandishi. Si lazima awe amezimia. Dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchukia mwanga au kelele, kusahau hatua alizozijua, kujibu polepole, kulia au kukasirika bila sababu. Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa zaidi, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege au asiamke vizuri, hiyo ni 911.

Msimpe dawa ya maumivu ili awahi mashindano. Akipata ruhusa, anarudi kwa hatua, kila moja ikichukua saa 24 au zaidi: mwendo mwepesi kwanza, kisha kukimbia, kisha kucheza bila kunyanyuana, kisha minyanyuo ya chini, na mwisho mazoezi kamili. Dalili ikirudi, anashuka hatua. CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, ina mafunzo ya bure kwa makocha na wazazi yaitwayo HEADS UP, nami ningeyafanya kuwa sharti kwa kila mtu mzima anayeingia ukumbini.

Kila anguko liandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo, hata ambalo halikumwumiza mtu. Kundi moja likianguka kwa namna ile ile mara ya pili, umepata onyo kabla ya jeraha.

Hatua ya 9: Kanuni inapovunjwa

Kocha, adhabu zako ziandikwe na kusainiwa na wazazi mwanzoni mwa msimu. Kubebana bila kocha ni kosa kubwa, hata wakifanyia nyumbani kwa mtu ili warekodi video. Ningeweka kukosa mechi inayofuata kwa mara ya kwanza na kuondolewa kwenye kubebana kwa mara ya pili. Vito na kucha ni makosa madogo, na kukaa pembeni kunatosha. Usitoe adhabu ya kukimbia au kupiga pushapu mpaka mtoto achoke kisha umrudishe kubeba. La maana ni kwamba nahodha na yule mpandaji bora kuliko wote wapate kipimo sawa na mgeni. Siku utakayomwachia nyota kwa sababu mashindano ya Orlando yamekaribia, wengine wote wataelewa kwamba kanuni ni za wanyonge.

Mzazi ukiona kosa, usipige kelele kutoka jukwaani mtu akiwa juu. Utawapotezea umakini. Subiri washuke, kisha mwendee kocha faraghani: "Kocha, nimeona watoto wananyanyuana kwenye vigae pale koridoni. Naomba wasifanye hivyo tena. Nitakuandikia ili tuwe na kumbukumbu." Kisha mwandikie kweli, jioni hiyo hiyo.

Isiporekebishwa, barua inayofuata iende kwa mkurugenzi wa michezo, nakala kwa mwalimu mkuu. Iwe fupi: tarehe, saa, mahali, kilichofanywa, kanuni iliyovunjwa kwa namba yake kwenye kitabu, na unachoomba kifanyike. Usimtaje mtoto wa mwenzio, wala usiandike kuhusu tabia ya kocha. Ambatanisha picha ya sakafu tupu baada ya mazoezi, bila sura za watoto. Unaweza kuiandika kwa Kiswahili na kuomba itafsiriwe. Hatua ya juu yake ni wilaya ya shule, kisha shirikisho la michezo la jimbo. Wakati unasubiri jibu, una haki ya kumwambia kocha kwamba mwanao atacheza, atashangilia na kuruka, lakini hatabeba wala kubebwa mpaka magodoro yatandikwe.